Sandarusi, Nta na Mng'aro wa Gari

Ndugu msikilizaji, Waswahili walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Nimeukumbuka msemo huo juma hili kwa sababu ya jambo ambalo wengi wenu mtaliona dogo, nalo ni rangi ya gari na mng'aro wake.

Hapa Nairobi tunayo mashindano ya magari ambayo hakuna gari linalokimbia. Yalianza mwaka 1970, yakiandaliwa na chama cha wenye magari aina ya Alfa Romeo, na kwa miaka mingi yamefanyika katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong. Yanaitwa kwa Kifaransa Concours d'Elegance, maana yake mashindano ya umaridadi. Gari husimama kwenye nyasi, na waamuzi hulizunguka wakiwa na karatasi na kalamu. Wanatazama nje, wanatazama ndani, wanafungua boneti, wanainama kutazama chini ya gari mahali ambapo mimi na wewe hatutazami mpaka mafuta yaanze kuvuja. Kila doa lina bei yake.

Wapo wanaocheka. Wanasema, mtu mzima na akili zake, ameshika mswaki wa meno anasugua nati za gurudumu! Si mchezo wa watoto huo? Mimi nasema tusicheke upesi. Nikitazama mng'aro wa gari naona historia ndefu ya biashara na ya jasho la watu, na sehemu ya historia hiyo ilichimbwa kwa majembe katika pwani yetu wenyewe. Tena liko swali ndani yake linalotuhusu sisi sote, hata tusio na gari: je, kitu kizuri ni kile kinachong'aa, au ni kile kilichotunzwa?

Tuanze na pwani. Kabla ya gari la injini lilikuwako gari la farasi, na gari la farasi la tajiri wa Ulaya au Marekani lilipakwa vanishi. Vanishi nzuri ya wakati ule ilipikwa kwa mafuta ya kitani pamoja na utomvu mgumu wa miti. Utomvu uliosifiwa kuliko mwingine kwa ugumu uliitwa na wafanyabiashara sandarusi ya Unguja. Lakini haikutoka Unguja. Ilichimbwa Mrima, katika ardhi ya bara inayotazamana na kisiwa, na kupelekwa Unguja kuuzwa. Miti ya msandarusi ilikuwa imedondosha utomvu wake zamani sana, miti yenyewe ikafa na kuoza, na utomvu ukabaki ardhini ukikauka na kuwa mgumu kama jiwe. Watu wa Mrima waliufukua kwa mikono na kwa majembe, kishimo baada ya kishimo, mara nyingi msimu wa mvua udongo ulipolainika.

Ile iliyotolewa mbichi mtini, haijapata kuzikwa, iliitwa chakazi, na bei yake ilikuwa ya chini kwa kuwa ilikuwa laini. Wafanyabiashara wa kigeni waliposhindwa kulitamka neno hilo waliligeuza kuwa neno la Kiingereza lenye maana ya punda dume. Richard Burton, Mwingereza aliyepita pwani hiyo mwaka 1857, aliyaandika hayo.

Wanunuzi wakubwa walikuwa Wamarekani wa mji wa Salem, katika jimbo la Massachusetts. Mwaka 1833 Sayyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 balozi mdogo wa Marekani, Richard Waters, akafika Unguja. Merikebu za Salem zilileta nguo za pamba kutoka viwanda vyao, nguo ambazo mpaka leo tunaziita merikani, na zikarudi na pembe za ndovu, ngozi, karafuu na sandarusi. Kule Salem sandarusi ilioshwa kwa magadi ili kutoa ganda la udongo. Ikishatakata, uso wake huonekana una vipele vidogo vidogo, kama ngozi ya bata bukini aliyenyonyolewa. Mnunuzi aliyejua kazi yake alivitafuta vipele hivyo kwanza.

Basi, msikilizaji, fikiri juu ya jambo hilo. Bibi tajiri wa London au Boston anapanda gari lake la farasi, anajitazama ubavuni mwa gari kama anayejitazama kwenye kioo. Kioo kile ndani yake mna jasho la mchimbaji wa Mrima, aliyelipwa pande la merikani na pengine asijue kamwe sandarusi inakwenda kufanya kazi gani.

Gari la injini lilipokuja, lilirithi upakaji rangi wa gari la farasi. Fundi alipaka kwa brashi. Alianza na rangi ya chini, akaacha ikauke. Akasugua kwa jiwe laini na maji, akapaka tena, akasugua tena. Kisha ikaja rangi yenyewe, tabaka juu ya tabaka, na mwisho vanishi, katika chumba kilichofungwa ili vumbi lisiingie. Kazi hiyo ilichukua majuma kadhaa kwa gari moja.

Halafu akaja Henry Ford. Gari lake la Model T lilitoka mwaka 1908, na mwaka 1913 akaanzisha mtindo wa gari kupita mbele ya wafanyakazi badala ya wafanyakazi kuliendea gari. Muda wa kuunga fremu na mashine zake ukashuka kutoka saa kumi na mbili na nusu hadi dakika 93. Ni maajabu, lakini unaona tatizo? Gari linaungwa kwa saa moja na nusu, halafu likae majuma likingoja rangi ikauke! Kiwanda kizima kingejaa magari yanayongoja.

Moja ya njia alizotumia Ford ilikuwa rangi nyeusi yenye lami ndani yake, iliyookwa katika tanuri ikakauka upesi, ikawa ngumu na rahisi kwa bei. Rangi ya namna hiyo Waingereza waliiita kwa jina la nchi ya Japani, kwa sababu iliigiza vyombo vyeusi vinavyong'aa vya Wajapani. Tangu mwaka 1914 mpaka 1925 Model T ilitoka kiwandani nyeusi tu. Watu hupenda kusimulia mzaha wa Ford juu ya jambo hilo, wakidhani alikuwa mkaidi. Ukaidi ulikuwako, lakini nyuma yake ilikuwako hesabu ya tanuri na saa.

Aliyemshinda Ford katika jambo hilo hakumshinda kwa injini. Alimshinda kwa rangi. Kampuni ya DuPont ilikuwa imetajirika kwa kutengeneza baruti, na baruti isiyo na moshi hutengenezwa kwa pamba iliyotiwa asidi. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha mwaka 1918 mahitaji ya baruti yalianguka, lakini elimu ya kuishughulikia pamba ile haikupotea. Wakemia wa DuPont wakatoa rangi ya jamii hiyo hiyo ya pamba na asidi, iliyoweza kunyunyizwa kwa bomba la hewa na kukauka kwa dakika. Wakaiita Duco. Mwaka 1923 kampuni ya General Motors ikaitumia kwa magari yake ya Oakland, yakatoka ya buluu. Kazi ya majuma ikawa kazi ya saa. Mwaka 1927 General Motors ikafungua idara ya sanaa na rangi chini ya Harley Earl, na mwaka huo huo Model T, iliyokwisha kuuzwa zaidi ya milioni 15, ikaachwa kutengenezwa. Jina la Duco halikufa. Nenda katika gereji zetu, utawasikia baadhi ya mafundi bado wanasema duko.

Lakini rangi hiyo mpya ilikuwa na tabia yake. Ilipokauka ilififia, haikung'aa. Ilibidi isuguliwe kwa mkono mpaka ing'ae, na ikishang'aa, jua na mvua viliifanya ichujuke tena. Kwa maneno mengine, mng'aro ulitoka mikononi mwa kiwanda ukaingia mikononi mwa mwenye gari. Kila Jumapili alikuwa na kazi. Hapo ndipo ilipokua biashara ya nta.

Nta iliyosifiwa kuliko zote hutoka katika mnazi wa mwituni, au tuseme jamaa ya mnazi, uitwao karnauba. Unaota kaskazini mashariki ya Brazil, katika majimbo ya Ceará, Piauí na Rio Grande do Norte, nchi ya ukame. Mti huo hujifunika majani yake kwa nta ili maji yasipotee. Watu huyakata majani kwa kisu kilichofungwa kwenye mti mrefu, huyaanika juani, kisha huyapiga mpaka unga wa nta udondoke. Unga huyeyushwa na kuchujwa, ukaganda kama mawe ya rangi ya manjano. Ni nta ngumu, haiyeyuki mpaka joto lipite digrii 80 hivi, na ndiyo maana hustahimili bati la gari lililoachwa juani adhuhuri.

Biashara hiyo ilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 1935 H. F. Johnson, mwenye kampuni ya nta huko Wisconsin, Marekani, aliruka kwa ndege ndogo yenye uwezo wa kutua majini mpaka Fortaleza, Brazil, kwenda kuhakikisha kwamba miti haitakwisha. Na katika miaka ya 1940 akatokea mtu wa Chicago, Ben Hirsch, aliyetengeneza polishi ambayo baadaye iliitwa Turtle Wax. Husimuliwa kwamba alikuwa akienda mahali magari yalipoegeshwa, anang'arisha bawa moja tu la gari la mtu, kisha anasubiri. Mwenye gari akirudi anakuta upande mmoja unang'aa na upande wa pili umefifia kama kaniki. Afanye nini? Ananunua chupa. Waswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini Bwana Hirsch aliviweka vyote viwili juu ya gari moja.

Wale wakataji wa majani, je? Wakaguzi wa kazi wa serikali ya Brazil wamewahi kuwakuta mashambani wakilala nje, wakinywa maji machafu, katika hali ambayo sheria ya nchi ile huihesabu kuwa sawa na utumwa. Ni hadithi ile ile ya mchimbaji wa Mrima, isipokuwa bahari imebadilika.

Sasa tuje katika kazi yenyewe. Gari huandaliwaje kwa maonyesho? Yuko mzee mmoja, fundi wa rangi, ambaye mimi humpitia mara kwa mara kwa sababu mazungumzo yake ni matamu na kahawa yake ni chungu. Amepiga rangi magari maisha yake yote. Nilimwuliza, "Mzee, siri ya kung'arisha ni nini?" Akanitazama kwa huruma, akasema, "Mwanangu, rangi haing'arishwi. Rangi husafishwa. Ikisafika, inang'aa yenyewe."

Maneno hayo yana elimu ndani yake. Uso laini uliotandazika huurudisha mwanga wote upande mmoja, ndiyo maana unajiona humo. Uso wenye mikwaruzo huutawanya mwanga huku na huku, na jicho linaona ukungu. Tazama barabara ya lami iliyokauka, kisha itazame mvua ikishanyesha usiku. Lami haikubadilika. Maji yamejaza mashimo madogo, uso umekuwa sawasawa, na taa zinaonekana humo kama katika kioo.

Basi mwenye akili huanza majuma mawili kabla ya siku yenyewe. Kwanza hulitia gari kivulini, bati lipoe, kwa sababu maji yakikauka juani huacha madoa ya chumvi. Kisha hulimwagia maji mengi ili vumbi lianguke kabla hajagusa chochote. Vumbi la kwetu ni mchanga, na mchanga chini ya tambara ni msasa. Huosha kutoka paani kwenda chini, si kutoka chini kwenda juu, maana uchafu mkali uko chini. Hutumia ndoo mbili: moja ya sabuni, moja ya maji safi ya kusuuza tambara kila baada ya bamba moja. Hatumii sabuni ya unga ya kufulia, kwa kuwa ile imeundwa kutoa mafuta nguoni, na juu ya gari itaiondoa nta yote kwa asubuhi moja.

Akishakausha kwa kitambaa laini, hupitisha mkono juu ya boneti. Utashangaa. Gari linaonekana safi, lakini mkono unasikia chembe kama za mchanga. Ni vumbi la chuma cha breki, ni lami, ni utomvu wa miti, vimeganda. Zamani vilisuguliwa kwa dawa kali. Katika miaka ya 1980 Wajapani walibuni udongo laini wa kufinyanga, unaoteleza juu ya maji ya sabuni na kuzoa chembe hizo. Ukianguka chini mara moja hutupwa, hauokotwi, maana umeshakuwa msasa.

Ndipo inakuja hatua ya mikwaruzo. Umewahi kuona gari jeusi juani lina alama kama utando wa buibui kulizunguka jua? Mikwaruzo ile haikuchorwa kwa mviringo. Inakwenda kila upande, lakini jicho huona ile tu iliyokaa kuuzunguka mwanga. Ililetwa na tambara chafu, siku baada ya siku. Kuiondoa ni kusugua kwa pasta, kwanza yenye chembe kali kidogo, kisha laini zaidi, mpaka uso wa rangi ulingane na kina cha mkwaruzo. Mwisho nta, tabaka jembamba, inasubiriwa ikauke, inafutwa. Baada ya hapo vyuma, vioo, raba, zulia, na ule mswaki wa meno tuliokuwa tukiucheka. Usiku wa kuamkia maonyesho fundi halali, na asubuhi gari likishafika kwenye nyasi yeye bado yuko chini yake anafuta umande.

Lakini angalia nilivyosema: kuondoa mkwaruzo ni kusugua rangi mpaka ilingane na kina chake. Hauujazi mkwaruzo. Unaiondoa rangi iliyouzunguka. Kila unapong'arisha, unapunguza.

Rangi yote ya gari la siku hizi, tabaka zote pamoja, haizidi sana sehemu moja ya kumi ya milimita. Tangu miaka ya 1980 magari mengi yana rangi chini na juu yake tabaka lisilo na rangi ambalo mafundi huliita klia. Klia hiyo mara nyingi ni mikroni 40 au 50, yaani nyembamba kuliko unywele wa kichwa chako. Ndani yake mna dawa ya kuzuia jua. Kijana mwenye mashine ya umeme ya kuzungusha na pasta kali anaweza kuipita pembeni mwa bamba kwa sekunde chache, na ikishapita hairudi. Gari litang'aa siku ya maonyesho. Miaka miwili baadaye klia itaanza kubanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua jua.

Ndiyo maana wakaguzi wazuri hubeba kifaa cha kupima unene wa rangi. Ndiyo maana pia napenda nikukumbushe, wewe unayenunua gari lililotumika, kwamba nta hujaza mikwaruzo kwa muda tu. Gari linalometameta ajabu mahali pa kuuzia, lioshe mara tatu kwa sabuni ndipo ulisifu. Huo ndio mkakasi wenyewe.

Na liko jambo zito zaidi. Yule mzee wangu wa rangi anakohoa. Kikohozi chake hakitokani na tumbaku, kwa kuwa hajavuta maishani. Klia na rangi nyingi za kisasa huchanganywa na hadina ili zigande. Ndani ya hadina hiyo mara nyingi mna kemikali ziitwazo isosayaneti. Zikinyunyizwa hewani zikavutwa, huweza kumletea mtu pumu, na katika nchi za viwanda zimehesabiwa kwa muda mrefu kuwa miongoni mwa sababu kuu za pumu itokanayo na kazi. Mtu akishadhurika, baadaye hata kiasi kidogo sana humbana kifua. Kule wenzetu hupiga rangi ndani ya chumba chenye feni za kutoa hewa, na fundi huvaa kofia inayoletewa hewa safi kwa mpira. Kitambaa cha mdomoni hakizuii mvuke huo. Na sisi tunapigiwa rangi wapi? Chini ya mwembe, kando ya barabara, kijana amejifunga leso puani, na jirani anauza chapati hatua kumi kutoka hapo. Tunabishana naye bei mpaka tumnyime hata ile ya kununua barakoa ya kweli, kisha tunasifu mng'aro.

Turudi katika maonyesho. Mashindano ya umaridadi yalipoanza Ulaya yalikuwa maonyesho ya magari mapya. Yale ya Villa d'Este, kando ya Ziwa Como nchini Italia, yalifanyika mara ya kwanza mwaka 1929. Yale mashuhuri ya Pebble Beach, California, yalianza mwaka 1950, na gari lililoshinda mwaka huo lilikuwa jipya kabisa, lililoundwa na Sterling Edwards. Mwaka 1955 mambo yakageuka. Kijana dereva wa mbio, Phil Hill, ambaye mwaka 1961 angekuwa bingwa wa dunia, alileta gari la Pierce-Arrow la mwaka 1931 lililofufuliwa upya. Likashinda. Tangu hapo watu wakaanza kufufua magari ya zamani kwa bidii na kwa fedha nyingi.

Kufufua ni jambo jema. Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kwa kuwa waamuzi walitoza alama kwa kila doa, wenye magari wakawa wanang'oa kila kilicho cha zamani: rangi ya kwanza, ngozi ya viti iliyokaliwa na watu wa wakati ule, alama za nyundo za fundi wa kwanza. Magari ya mwaka 1930 yakawa yanang'aa kwa klia ambayo mwaka 1930 haikuwako. Yakawa mazuri kuliko yalivyozaliwa. Je, huo si uongo wenye adabu? Gari likishakwanguliwa hadi bati, limekuwa jipya, na lililoshuhudia limenyamazishwa. Rangi ya kwanza huwekwa mara moja tu.

Polepole maonyesho makubwa yakaanza kutenga daraja la magari ambayo hayakufufuliwa, yaliyotunzwa tu. Yalitazamwa kama wazee waalikwa harusini: wanaheshimiwa, lakini si wao wanaooa. Kisha ikaja Agosti mwaka 2024. Pale Pebble Beach, katikati ya magari yaliyong'arishwa kwa maelfu ya saa, tuzo kuu ilikwenda kwa gari la Bugatti Type 59 la mwaka 1934. Lilikuwa gari la mbio, baadaye likawa mali ya Mfalme Leopold wa Tatu wa Ubelgiji, likapakwa rangi nyeusi na mstari wa manjano. Rangi hiyo bado iko, imechakaa, imepasuka, imebanduka mahali mahali. Hakuna aliyeigusa. Ilikuwa mara ya kwanza katika historia ya maonyesho hayo kwa gari lisilofufuliwa kutwaa tuzo ile. Miaka minne kabla yake, mwaka 2020, gari hilo lilikuwa limeuzwa mnadani kwa zaidi ya pauni milioni 9 za Kiingereza.

Watu wengine watasema hiyo ni anasa ya matajiri: maskini akiwa na gari lililobanduka rangi huitwa mchafu, tajiri akiwa nalo huitwa mhifadhi. Sikatai. Hata hivyo mimi naona waamuzi wale walirudi katika maneno ya mzee wangu. Kutunza si kung'arisha. Anayetunza husafisha, huzuia kutu, hupaka nta jembamba, huegesha kivulini, na kwa kilichobaki huacha miaka iseme. Anayeng'arisha tu hukwangua kidogo kila mwaka mpaka afike kwenye bati.

Sisemi haya juu ya magari peke yake, nanyi mmekwisha kunielewa. Ziko nyumba za zamani katika miji yetu ya pwani ambazo milango yake ilichongwa kwa mkono, na zimekwanguliwa na kupakwa vanishi ya kopo ili zipendeze wageni. Ziko ofisi zinazopakwa rangi upya kila kiongozi anapotangaza kuzuru, na choo cha nyuma hakina maji. Sisi ni hodari wa boneti. Chini ya gari hatutazami, na mwamuzi mzuri huinama.

Kwa hiyo, ukienda kutazama maonyesho ya magari, nenda, ufurahi, na watoto uwapeleke. Wenye magari wale wana subira ambayo wengi wetu tumeipoteza. Lakini ukisimama mbele ya gari linalong'aa mpaka ukajiona uso, uliza maswali mawili. Chini ya mng'aro huu imebaki rangi kiasi gani? Na aliyeupiga, kifua chake kiko namna gani? Na kama gari ni lako, na juma lijalo unalipeleka kwa fundi wa rangi, mpunguzie ubishi wa bei, umwongezee barakoa yenye chujio la mvuke, umwombe afanyie kazi mahali penye hewa mbali na muuza chapati. Gharama yake ni ndogo kuliko ya taa moja ya mbele.

Mzee wangu amenikataza kutaja jina lake. Amesema anayetaka kumjua atazame magari yaliyopita mikononi mwake miaka ishirini iliyopita na bado hayajabanduka. Nimeyatazama mawili. Hayang'ai sana, lakini rangi ipo.

Hadi juma lijalo, kwaherini.